Kipimo cha Mgongo wa Mjomba Kondo

Ninyi mlioniuliza barazani, mkaniuliza tena kisimani, na wewe Abdala uliyenifuata hadi shambani nikiwa na jembe mkononi, haya, someni. Nimechoka kuieleza safari hii vipande vipande, kila mtu akachukua kipande chake akakitia chumvi. Juzi nimesikia kwamba nilikwenda Dar es Salaam kumzika mtoto wa Mhindi. Sikumzika mtoto wa mtu. Nilikwenda kutafuta shanta la kuwindia, yaani mfuko wa kubeba mgongoni, lenye ukubwa unaofaa, basi. Habari za tiketi na vibali vya bomani siziandiki, maana hazina utamu wowote. Nitaandika yale yaliyonichanganya akili, na hayo ni karibu yote.

Kutoka nyumbani hadi stesheni ya Ngerengere

Ninyi mnajua desturi yetu, lakini huenda karatasi hii ikafika mikononi mwa mtu wa mbali, kwa hiyo nitaieleza. Mjomba Kondo, kaka wa mama yangu, ndiye mwenye gobori la ukoo wetu, na mwaka hata mwaka ndiye anayewatangulia wawindaji. Mwenye bunduki hubeba mwenyewe chakula chake na baruti yake mpaka dagoni, yaani kambi yetu ya porini. Hapewi mchukuzi. Wazee husema asiyeweza kujibeba hawezi kutuongoza. Akishindwa msimu mmoja tu, bunduki inahamia kwa mpwa wake, na mpwa mwenyewe ni mimi.

Masika iliyopita mjomba alianguka kutoka mtini akirina asali. Alipona, ila shingo ilikataa kabisa mzigo wa kichwani. Akiweka hata kikapu cha mihogo, mkono wa kulia unakufa ganzi. Kiangazi kilipofika, majani yakachomwa, watu wakaanza kunitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Sikupenda jinsi walivyonitazama, na pia nilipenda. Nasema kweli.

Mjomba hakukubali. Wakati wa vita alichukuliwa kuwa mchukuzi wa mizigo, akatembea miezi mingi nyuma ya askari akiiangalia migongo yao. Alikumbuka mashanta yao. Alisema shanta likianzia kwenye mfupa wa shingo na kuishia kiunoni, shingo haina kazi tena. Likiwa refu, litampiga mtu matakoni kila hatua. Likiwa fupi, litavuta mabega, na maumivu yatapanda kule kule. Kwa hiyo ukubwa ndio jambo lenyewe. Akavua shati, akaniambia nipime kwa ukambaa mwembamba wa ukindu, fundo moja shingoni, fundo moja kiunoni. Tukapata mkono mmoja, wa kiwiko hadi ncha ya kidole, na vidole vinne, maana mjomba ni mtu mfupi.

Kisha akanipa masharti. Ukambaa usiviringishwe, usilowe, usiwekwe chini. Ubebwe kiganjani umelazwa juu ya mkono. Na la pili: nisimtajie mtu yeyote habari ya kwenda porini mpaka shanta liwe limefika nyumbani. Huo ni mwiko wa wawindaji, nanyi mnaujua. "Mnyama ana masikio mpaka mjini," akasema. "Wewe onyesha kipimo. Mwenye akili ataelewa. Na mwezi usiandame kabla hujarudi."

Nikatembea siku mbili hadi Ngerengere, mkono umenyooka mbele yangu. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza ninachokitaka. Nilimpenda mjomba, ndiye aliyenilea. Na bunduki niliitaka tangu utotoni. Nikilikosa shanta, bunduki ni yangu, na hakuna atakayenilaumu. Nilifika stesheni bila jibu, miguu inawaka moto.

Ndani ya gari moshi

Gari lilikuja limejaa. Jamaa mmoja alikuwa amekalia benchi zima yeye na tenga lake la kuku, na kila aliyemwomba nafasi alimjibu kwamba kuku nao wamelipiwa. Nikasimama karibu yake na mkono wangu umenyooka. Akautazama ukambaa, akanitazama usoni, macho yangu mekundu kwa vumbi na kukosa usingizi. Akalishusha tenga chini, akapangusa benchi kwa kofia yake.

"Kaa, ndugu yangu. Pole sana."

"Nimeshapoa," nikamjibu. Nilidhani ananipa pole ya kutembea.

Tulipofika Ruvu gari likasimama. Lilisimama mpaka kivuli chake kikahamia upande wa pili. Mmoja akasema wanasubiri maji, mwingine akasema kuna ng'ombe darajani, wa tatu akasema dereva ameshuka kumsalimia shemeji yake. Sijui hadi leo ni lipi la kweli. Akina mama walileta samaki wa mtoni wa kukaanga na mihogo, na yule mwenye kuku akaninunulia samaki mzima, akanitolea miiba kwa vidole vyake maana mkono wangu mmoja ulikuwa na kazi. Nikala nikijisemea kwamba watu wa pwani wanasingiziwa ubahili. Aliposhuka aliniwekea mkono begani, akasema Mungu ndiye anayetoa na ndiye anayetwaa. Nikaitika amina, nikijiuliza kama amenipa samaki aliyeibwa.

Niliingia Dar es Salaam alasiri, nikalala kwenye baraza ya msikiti.

Kariakoo

Asubuhi nilikwenda sokoni. Sitaki kuwaelezea lile banda kubwa la chuma, aliyekwenda analijua na asiyekwenda hataamini. Nilikuwa na njaa, na penye kona palikuwa na mama mmoja akipika vitumbua. Jina lake Bi Tatu. Nalitaja kwa sababu ndiye aliyeanzisha yote, na ni mtu mwema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikupe vingapi?"

Nilinyoosha mkono mtupu kupokea, naye akauona ule mwingine. Akaacha mafuta yanachemka.

"Hicho kipimo kimetoka wapi?"

"Nyumbani kwa mjomba wangu. Amenituma mimi. Yeye shingo imemshinda, hawezi kutoka."

"Lazima imshinde," akasema taratibu. "Na sasa unakwenda wapi?"

"Uhindini, mama, kwenye maduka ya nguo. Nianzie huko."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Haiwezekani. Mtu haendi peke yake kwenye jambo kama hili."

Hapa nisimame niwaeleze, msije mkachanganyikiwa kama nilivyochanganyikiwa mimi. Kwetu maiti hupimwa kwa ufito wa mwanzi, na kwa ufito huo ndipo kaburi linachimbwa. Pale kwao hupima kwa ukambaa wa ukindu. Anayetumwa kupeleka kipimo huubeba kiganjani, hauviringishi wala hauweki chini. Na mkono mmoja na vidole vinne ni urefu wa mtoto aliyezaliwa juzi. Bi Tatu alikuwa ameona kijana mwenye macho mekundu anayetafuta sanda ya kichanga cha mjomba wake. Mfiwa hahojiwi, kwa hiyo hakunihoji. Nami nilikuwa na mwiko wangu, kwa hiyo sikueleza. Kuuliza si ujinga, lakini siku ile hapakuwa na wa kuuliza wala wa kueleza. Yote hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba nimepewa vitumbua sita na nimekatazwa kulipa.

Bi Tatu akamwita jirani yake, Mzee Feruzi, mtu mzima mwenye kanzu safi, ambaye mtaani kwao ndiye anayeshughulikia mazishi. Mimi sikuambiwa shughuli yake. Nilimsalimia, akaitika marahaba, akautazama ukambaa, akavaa viatu.

"Twende, mwanangu," akasema. "Jua lisitukute hapa."

Kutoka Kariakoo hadi Uhindini

Tulitoka wawili. Mbele kidogo fundi cherehani mmoja akaacha kazi akatufuata. Halafu wauza kahawa wawili. Tulipoukata uwanja wa Mnazi Mmoja tulikuwa watu tisa, na hakuna aliyeniuliza ninanunua nini. Nikadhani watu wa mjini hawana kazi, na kwamba mgeni akienda dukani ni tamasha kwao. Walitembea haraka na kimya. Rikisho moja ya kukokotwa na mtu iliyokuwa ikitujia ilikaa kando kutupisha, abiria wake akavua kofia. Nikamwinamia kichwa kwa adabu.

Duka lilikuwa Mchafukoge, huko huko Uhindini, la Mhindi mmoja Baniani, mzee aliyevaa miwani yenye mguu mmoja na uzi. Mzee Feruzi alinyoosha kidole kwenye kiganja changu. Mhindi akainuka, akashusha jora la bafta nyeupe, akaanza kupima.

Nikashika ile bafta kwa vidole. Mnaijua ilivyo. Ukipiga chafya imechanika.

"Hii ni nyepesi mno," nikasema. "Haitamaliza wiki."

Mzee Feruzi akanishika kiwiko.

"Ndiyo hii hii inayotumika, mwanangu. Kwa mkubwa na kwa mdogo."

"Lakini mimi nataka nguo nzito. Isiyopitisha maji. Ya kudumu miaka."

Fundi cherehani akageukia mlangoni akajifuta macho. Mimi nikamtazama Mhindi, maana yeye ni mfanyabiashara, nikadhani atanielewa. Akavua miwani yake.

"Bwana," akasema, "nguo kama hiyo mimi sina. Mtu yeyote hana."

Akakata vipande vitatu, akaviweka pamoja na kafuri kidogo iliyofungwa kwenye karatasi. Kafuri ile niliielewa mara moja, nikafurahi kwamba hatimaye nimeelewa kitu: ni ya kuzuia mende wasile shanta. Vipande vitatu pia nikavipa maana yake, mgongo, mbele na kifuniko. Nikajisemea labda wao hushona bafta ndani na kitu kigumu nje, na fundi cherehani si yuko nasi. Niliposhika mfuko wangu, Mzee Feruzi akautoa mkono wangu humo. Alilipa yeye. Nilitaka kulia kwa wema huo, na nilipofanya hivyo wote wakaona ni sawa kabisa.

Makaburini

Tulipotoka dukani, kijana mmoja katika wale tisa akaniomba ukambaa.

"Nipe nitangulie nao. Wenzetu wamekwisha kwenda na majembe."

Nilikataa. Mzee Feruzi akauinua kiganjani mwangu kwa upole, akampa, na yule kijana akaondoka mbio. Nami nikaondoka mbio nyuma yake. Kipimo cha mgongo wa mjomba kinakimbia Dar es Salaam na mtu nisiyemjua! Nilisikia nyuma yangu mtu akisema, "Mwacheni, ni uchungu." Tulikimbia hivyo mpaka uwanja wenye nyasi kando ya njia ya Ilala, na hapo nikawakuta watu wanne wakichimba. Shimo lilikuwa dogo, limefika mapajani. Ukambaa wangu ulikuwa umelazwa ukingoni, wanapima nao.

Mtanicheka, chekeni. Nilidhani wanachimba mtego. Nilidhani wamejua habari ya porini, mwiko umevunjika, na sasa wananionyesha jinsi watu wa mjini wanavyotega paa. Nikajiuliza paa gani anapita pale, katikati ya baiskeli. Makaburi yenyewe sikuyaona mpaka nilipogeuka na kukuta kibao cha mti kimesimama karibu na goti langu.

Mzee Feruzi akafika, anahema.

"Haya, mwanangu. Huku kumekwisha. Sasa tuambie msiba uko mtaa gani, twende tukamchukue."

"Msiba gani?"

"Mtoto. Yuko wapi?"

"Mtoto gani, mzee?"

Akanieleza kwa sauti ya chini, akidhani akili imeniruka: mtoto wa mjomba wangu, huyu wa kipimo hiki. Ndipo mambo yote ya tangu garini yakanirudia, samaki, vitumbua, rikisho, kafuri. Nikavunja mwiko palepale, sikuwa na njia nyingine.

"Ni mgongo," nikasema. "Ni mgongo wa mjomba. Yu hai. Natafuta shanta la kuwindia, limwenee."

Mchimbaji mmoja akatoka shimoni, akanitazama, akarudi shimoni akakaa humo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Wengine wakamfuata kwa kicheko, isipokuwa Mzee Feruzi. Yeye alikaa juu ya udongo na kanzu yake safi. Nilimwomba radhi mara tatu. Alisema hana ugomvi nami, penye wengi hapaharibiki neno, na sisi tulikuwa wengi mno leo.

Nikainama nichukue ukambaa wangu. Akauwahi kuukanyaga.

"Huo hautoki hapa."

"Mzee, huo ni mgongo wa mjomba wangu. Nimetembea siku mbili nao."

"Umepima kaburi. Kilichopima kaburi unataka umpelekee mtu aliye hai, avae mgongoni?"

Akanieleza pia kwamba kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, litamtafuta wa kwake. Wakakata kipande cha mgomba kwenye shamba la jirani, wakakifunga kwa ile bafta, wakakilaza humo na ukambaa pembeni yake. Dua haikusomwa. Nilitupia udongo kama wengine. Mchimbaji yule akasema mgomba huu umepata heshima ambayo baba yake hakuipata, na hata Mzee Feruzi akatabasamu. Mimi sikuweza. Nilikuwa nawaza kwamba kipimo cha mjomba kiko chini ya udongo, na kwamba nimekitupia kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilala, kwa fundi Saidi

Bi Tatu alikwisha kupika wali na maharage ya matanga. Alipopewa habari alijifunika uso kwa kanga kwa muda mrefu, kisha akanifinya sikio, mtu mzima mimi, akasema nikae nile, chakula hakirudishwi chunguni. Tukala wote. Mchana Mzee Feruzi akanipeleka Ilala kwa fundi Saidi, aliyekuwa askari zamani na sasa hushona mashanta kutoka kwenye mahema makuukuu.

"Ungetamka neno hili asubuhi," Mzee Feruzi akaniambia mlangoni, "sasa hivi ungekuwa Ruvu." Akanipa mkono, akaenda zake. Sijapata kumwona mtu wa namna ile.

Ukutani kwa fundi Saidi yalikuwa yamening'inia mashanta matatu. Aliniuliza tunakaa porini siku ngapi. Nikasema kumi, kumi na mbili.

"Hili dogo ni la mtu wa kurudi jioni," akasema. "Maji, kisu, mkate, basi. Hili kubwa wote hulipenda wakiliona, na wote huja kuniuzia baada ya safari moja. Shanta likiwa na nafasi, mtu huijaza. Atatia sufuria ya pili, atatia blanketi la pili, atatia na maneno ya mkewe. Akimwona mnyama hawezi hata kupiga goti. Chukua la katikati. Unga, chumvi, baruti, na nafasi ya nyama kavu wakati wa kurudi, maana unga utakuwa umekwisha. Lakini upana si kitu. Kitu ni urefu. Kipimo kiko wapi?"

Nikamweleza kilipo. Aliacha shazia yake, ile sindano nene, katikati ya mshono. Alipomaliza kucheka aliniambia nimwonyeshe kwa mikono. Nikaonyesha. Akaniambia nionyeshe tena. Mara hii ilizidi kwa vidole vitatu. Mara ya tatu ilipungua. Nikasema mkono mmoja na vidole vinne. Akauliza mkono wa nani, wangu au wa mjomba, na mimi sikukumbuka ni nani kati yetu aliyeweka mkono siku ile.

"Mpwa na mjomba ni mfupa mmoja," akasema. "Geuka nikupime wewe. Mnalingana?"

Nilijua hatulingani. Mjomba ananifika sikioni. Kila mtu anajua.

"Tunalingana," nikasema.

Msiniulize kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe njia nzima. Labda nilikuwa nimechoka, siku ile sikuwa na neno lililokaa mahali pake. Labda nilitaka kuimaliza safari. Labda ilikuwa ile bunduki iliyosema kwa mdomo wangu. Fundi alinipima mgongo, akashusha mshono wa chini, akakaza kamba za mabega, na jua lilipopoa shanta lilikuwa tayari. Lilinikaa vizuri mno.

Kurudi

Safari ya kurudi haikuwa na kisa. Gari halikusimama Ruvu hata kidogo, na hakuna aliyenipa samaki. Kutoka Ngerengere nilitembea nikiwa nimelivaa, shanta tupu, na kila nilipojisahau nilijikuta natembea kama mtu mwenye bunduki begani.

Nilifika mwezi ukiwa bado siku mbili kuandama. Wengine wenu mlikuwapo uani. Mjomba alilitia unga, chumvi na pembe ya baruti, akalivaa, akasimama wima bila kushika shingo. Watu wakapiga makofi. Akapiga hatua moja, likampiga matakoni. Ya pili, likampiga. Ya tatu akasimama, akalivua polepole, akanigeuza kwa mabega, akanivisha mimi. Halikucheza.

"Ukambaa wangu uko wapi?"

Nikasimulia yote mbele ya watu. Mlicheka, nawakumbuka mliocheka. Mjomba hakucheka.

"Fundi alikuuliza kama tunalingana?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia tunalingana."

Akaingia ndani. Akatoka na gobori, akaliegemeza ukutani karibu na mkono wangu.

"Ungeniomba," akasema. "Ningekukatalia. Lakini ungeniomba."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitaka kusema sikukusudia, na sikuweza kusema, kwa sababu sikujua kama ni kweli. Bunduki ilikuwa pale, naweza kuigusa kwa kiwiko. Wazee walikuwa wakinitazama wanisikie ninasemaje.

Nikalivua shanta, nikamwaga unga kwenye ungo, nikatoa kisu, nikakata chini. Abdala, wewe ndiye uliyepiga kelele kwamba naharibu shanta jipya. Nikamwita mjomba aje asimame mbele yangu. Nikampima kwa mkono wangu juu ya mgongo wake, mfupa wa shingo hadi kiunoni, nikatia alama ya mkaa. Nikashona kwa uzi wa katani mpaka magharibi, nikijichoma vidole, maana mimi si fundi. Mshono ulikwenda upande. Mjomba akalivaa, akauzunguka ua wote mara mbili.

"Linavuta kidogo kulia," akasema.

"Nitalirekebisha."

"Liache."

Akaichukua bunduki yake ukutani, na baada ya siku mbili tukaondoka, yeye mbele.

Sasa mnaniuliza kama najuta. Siku ya kwanza nilijuta tangu tulipotoka mpaka tulipotua mizigo, mshono ule mbaya ukienda mbele ya macho yangu. Siku ya pili tulifika kwenye kijito, mjomba akanipa bunduki nimshikie anywe maji. Akanywa, akajifuta midomo, akalipandisha shanta lake mabegani, akatangulia, akasahau kuidai. Tulitembea hivyo mpaka jua likachwa, nami sikumkumbusha.